Amiri Asiyeuliza

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu watatu wakitoka safarini, wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Sisi tulikuwa 14, wanaume 8 na wanawake 6, tukitoka Maralal kwenda kuwazuru ndugu zetu wa Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Uamiri ukaniangukia mimi.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri katika gari mbili, tumejitanda mashuka kwa baridi ya nyanda za juu. Mbele yetu palikuwa na zaidi ya kilomita 200 za mawe, changarawe na makorongo makavu: kuteremka hadi Baragoi, kisha kuingia bonde la South Horr, baina ya mlima Nyiru na Ol Doinyo Mara. Kichwani nilikuwa na hesabu moja tu, tufike kabla ya magharibi. Baragoi madereva walitaka kupumzika, nikawahimiza tuendelee. Njiani tulisimama mara mbili, wanaume tukajiendea nyuma ya vichaka. Wanawake hawakushuka. Nikadhani hawana haja.

South Horr pana maji na miti ya kivuli. Hapo tukasimama tuswali adhuhuri na alasiri kwa jamu na qasri. Binti mmoja anyonyeshaye, alipotia mguu chini tu, akaanguka. Midomo yake ilikuwa imekauka. Bi mkubwa wa msafara alimpakata, akamnywesha maji kidogo kidogo, kisha akaniita kando.

"Sheikh," akasema kwa sauti ya chini, "hatujanywa maji tangu alfajiri. Tungekunywa, tungehitaji mahali pa sitara, na hakuna aliyetuuliza."

Sikuwa na jawabu. Miaka mingi nimesomesha mlango wa twahara, na adabu za kukidhi haja nazijua kwa moyo, lakini siku ile sikuwafikiria walionyuma yangu.

Tulilala South Horr. Wenyeji wetu walikuwa wamekwisha kuchinja na kupika, wakatungoja hadi usiku wa manane, na simu haikupatikana kuwaarifu. Asubuhi binti aliamka mzima, alhamdulillahi. Kabla ya kupanda gari niliwaomba radhi wanawake wote, mbele ya wanaume wenzangu. Tulipofika, nikawaomba radhi na wenyeji.

Tangu hapo hukumbuka jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomwambia Anjasha apunguze mwendo wa ngamia, kwa kuwahurumia wanawake waliopanda. Yeye aliona bila kuambiwa.

Basi nyinyi akina baba mnaopanga safari za arusi, za ziara na za kwenda kwa wazee, mteueni mwanamke mmoja awe mshauri wa amiri, na vituo vya sitara vipangwe kabla ya gari kuondoka. Nanyi akina mama, msione haya kusema. Haki ya mwili haingoji magharibi.