Kitabu Kilichonirudisha kwa Watu

Nilikuwa nimekata tamaa, wala sikujua. Mafuriko yalipotutoa bondeni na kutuacha na nguo tulizovaa, nilijiona nimepata busara: sipangi jambo, simtegemei mtu. Kwenye nyumba tuliyopanga baadaye, jirani wa chumba cha pili alinisalimia kila asubuhi, nami nikamjibu kwa shingo upande. Msiba ukitokea mtaani, nilifunga mlango.

Jirani huyohuyo ndiye aliyeniletea Parable of the Sower, riwaya ya Octavia Butler, Mmarekani mweusi. Sikuwa nimemtendea jirani huyo jema lolote. Aliona tu kwamba nakesha, akasema, "Soma hiki, dada, halafu tuongee."

Kilitoka 1993, lakini hadithi yake inaanza 2024, California ikiwa imeporomoka. Mvua ni adimu, maji ni ghali kuliko petroli, na wenye chochote wamejizungushia kuta. Msimulizi, Lauren Olamina, binti wa mchungaji wa Kibaptisti, alizaliwa na maradhi ya kuhisi mwilini maumivu anayoyaona kwa mwingine. Akimpiga mtu, anaumia yeye. Kama kuna mwenye sababu ya kuwakimbia watu, ni huyu.

Nilimpenda mapema kwa sababu ya begi la dharura alilojiandalia. Nilidhani ni mwoga mwenzangu. Kisha ukuta unavunjwa, mtaa unateketezwa, jamaa zake wanauawa. Nilikifunga kitabu nikalia kilio nilichokuwa nimekizuia tangu maji yale.

Nilichelewa kukirudia. Nilipokirudia, nilimkuta Lauren kwenye barabara kuu, anatembea kwenda kaskazini amevaa kiume, ana bastola, na bado anapokea watu: wazazi wenye kichanga, watumwa waliotoroka. Anawaogopa kweli, wanalala kwa zamu. Lakini anagawana nao chakula, na anaanza kumfundisha Zahra, mwenzake asiyejua kusoma, huko huko njiani. Hapo ndipo nilipojiona. Sote wawili tulikuwa na hofu, ila yeye hakuacha hofu imchagulie namna ya kuishi.

Imani yake kwamba Mungu ni mabadiliko sijaipokea hata leo, na nimebishana nayo sana. Hata hivyo Mungu ninayemwamini alinifikia kupitia kitabu hicho, na kupitia mtu niliyekuwa nampita mlangoni.

Sikubadilika kwa siku moja. Nilianza kwa kuitikia salamu vizuri, baadaye nikajiunga na chama cha kufa na kuzikana. Mvua kubwa ikinyesha usiku bado naamka na moyo unanienda mbio. Siku hizi nagonga kwa jirani, tunakaa pamoja hadi ikatike.

Kama nawe umejifungia, kitafute. Kiingereza chake si kigumu, maana kimeandikwa kama shajara. Kina ukatili mwingi, ubakaji ukiwemo, hivyo si cha watoto. Ukifika pale mtaa unapochomwa, usiishie hapo. Endelea na Lauren hadi barabarani.