Kongamano la vijana: Mtoto wa Kasense akirudi ameshika daftari

Sumbawanga. Mwezi Juni na Julai, Kasense huamka na baridi. Kata hii ya Manispaa ya Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Asubuhi kina mama hujifunga vitenge juu ya masweta, na watoto huota moto kabla ya kutumwa popote.

Ndio wakati shule zimefungwa na mahindi yameingia ndani, hivyo mzazi anaweza kutoa debe la mchango bila kuguna sana. Ndipo mtoto aliyepata kipaimara anapokuja na karatasi: kongamano la vijana, siku tatu au nne, kulala huko huko.

Karatasi hiyo ina uzito wake hapa. Katika Ufipa, kijana wa Kilutheri ni mmoja wa wachache. Wakatoliki ndio wenye mizizi mirefu. Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Dayosisi ya Ziwa Tanganyika ya KKKT, yenye makao Sumbawanga, ni changa ukiilinganisha na zile za Kilimanjaro au Kagera. Mtoto anaweza kumaliza mwaka darasani bila kuwa na mwenzake hata mmoja wa usharika wake. Kwenye kongamano anakuta vijana waliojaa ukumbi, wanaoimba nyimbo anazozijua.

Ratiba huwa na ibada, kwaya, mpira na semina ya uongozi. Mzazi akiisoma hudhani semina ndiyo itakayomfanya mwanawe kiongozi. Semina ina kazi yake, lakini kazi kubwa hufanyika jikoni na kwa mhazini.

Chukua kamati ya chakula. Vijana wenyewe wanapopewa kazi hiyo, wanahesabu walaji, wanapima unga na maharage, wanapanga nani achanje kuni. Wakikosea hesabu, saa nane mchana wenzao wamekaa na sahani tupu. Hapo msichana wa miaka 17 inabidi asimame mbele ya watu wenye njaa, aseme chakula kimechelewa, sababu ni hii, kitakuwa tayari saa tisa. Halafu saa tisa kiwe tayari kweli.

Mhazini naye anapokea michango ya elfu moja moja, anaandika, anakata risiti. Siku ya mwisho anasoma mapato na matumizi hadharani, na mwenzake ananyoosha mkono kuuliza mbona kuni zimenunuliwa mara mbili. Wapo watu wazima waliokalia vyeo miaka mingi bila kuulizwa swali la namna hiyo.

Kwa Rukwa, kamati ya chakula ina maana nyingine tena. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani hapa wana udumavu, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Huu ni mkoa unaovuna mahindi na maharage hadi ukauzia wengine. Ugali upo, kinachokosekana mara nyingi ni mchanganyiko: mboga za majani, dagaa, yai, tunda. Kijana aliyepanga mlo wa watu wengi akalazimika kufikiria nini kiambatane na ugali, amegusa tatizo la mkoa wake kwa mikono yake. Na kama ni mvulana aliyeshika mwiko, afadhali zaidi.

Walutheri wenyewe walishakubaliana kwamba kijana si msindikizaji. Mwaka 1977, jijini Dar es Salaam, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano Mkuu uliofuata, Budapest mwaka 1984, uliweka lengo kwamba vijana wawe asilimia 20 ya washiriki katika vikao vyake. Baraza la usharika wako lina vijana wangapi? Hesabu mwenyewe Jumapili.

Tatizo lingine liko nyumbani. Karatasi ya kaka husainiwa haraka. Ya dada huwekwa juu ya kabati mpaka basi linaondoka. Hofu ya mzazi si ya kubezwa, maana safari ni safari na mimba za utotoni zipo. Ila kumfungia ndani si ulinzi pekee uliopo. Uliza matroni ni nani na utampataje kwa simu. Wasichana watalala wapi, mlango unafungwa kwa ndani? Basi litasafiri mchana? Mtoto akipata shida amwambie nani? Mwandalizi anayekasirishwa na maswali haya amekupa jibu tayari. Mfundishe mtoto pia namba 116, ya huduma ya simu kwa watoto, ambayo hupigwa bure.

Na baridi isichukuliwe kirahisi. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuamshiwa maumivu makali na ubaridi, na mwenye pumu kubanwa usiku. Blanketi zito, soksi, dawa zake za kila siku na maelezo mafupi kwa matroni viingie kwenye begi kabla ya sare ya kwaya. Msichana abebe taulo za kike za kutosha. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa. Wakiwa wengi mahali pamoja, kuhara kwa mmoja huwa kwa wote.

Atarudi sauti imekauka kwa kuimba, sweta linanuka moshi. Siku ya kwanza atalala. Siku ya pili ataomba daftari aandike zamu za nyumbani: nani achote maji, nani aoshe vyombo, siku gani. Na jina la baba litakuwamo, Alhamisi.