AL-HUSARY HAKUSIKII, USTADH



Ndugu zangu, na hasa nyinyi walimu wa madrasa za vijijini, leo sina darsa ya kitabu. Nina jambo lililonipata mimi mwenyewe hapa Ntobeye, Ngara. Nimelificha kwa muda, kisha nikaona kulificha kwangu kunawadhuru wengine walio katika hali kama yangu.

Nilianza kufundisha mwaka 2006. Banda la mabati, mikeka, ubao mmoja, na watoto ambao msimu wa kuvuna maharage wanapungua hadi unafundisha saba. Waislamu huku si wengi. Mtu akijua herufi, basi huyo ndiye mwalimu, ndiye imamu, ndiye muosha maiti. Nilikuwa mimi. Juu yangu hapakuwa na mtu. Ukitaka kusoma mbele ya mwanachuoni ufunge safari ya Bukoba au Mwanza, na nyinyi mnajua mfuko wa mwalimu wa madrasa.

Baadaye nikapata simu ya kuweka kadi. Nikajaza Qur'ani nzima kwa sauti ya Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri, Allah amrehemu. Huyu alifariki mwaka 1980, na ndiye ambaye kisomo chake cha murattal kilirekodiwa msahafu mzima kabla ya wengine, mwaka 1961. Nikasema alhamdulillah, sasa nina mwalimu. Kila baada ya Alfajiri namsikiliza, namfuatisha. Miaka ikaenda hivyo.

Kumbe mimi namsikia yeye, lakini yeye hanisikii mimi.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya corona, nasi tukafunga madrasa. Ndugu mmoja wa Kigoma akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa Qur'ani. Wakati huo nilikuwa kwenye makundi ishirini na matatu. Asubuhi napokea mawaidha, jioni nayasambaza, na nilikuwa najiona nimo katika elimu. Kundi hili likanishangaza kwa sharti lake: kila anayeingia anarekodi Alfatiha na kuituma.

Alfatiha! Nilicheka. Mimi mwalimu wa miaka kumi na nne nitume Alfatiha kama mtoto wa Iqraa?

Nikapanda kilimani kwenye mikaratusi, maana simu zetu huku zina ukorofi. Ukikaa bondeni inashika mtandao wa Burundi, na vocha inakatika kwa gharama za nchi nyingine hata kama hujampigia mtu. Kule juu nikarekodi. Na nisiwafiche, nilisoma kwa madaha. Nilitaka wajue kuwa Ngara nako wapo watu.

Jibu lilikuja usiku, limeandikwa, halikuwa la sauti. Aliyeandika ni ustadha mmoja wa Pemba, umri wake hauzidi wa binti yangu mkubwa. Aliandika hivi: "Maashaallah Ustadh wetu, sauti nzuri. Ila neno la mwisho, shadda ya laam iko wapi? Na madda yake ni harakati sita, wewe umevuta mbili."

Nikarudia kusikiliza sauti yangu. Mara ya kwanza sikuona kosa. Mara ya tatu nikalisikia. Nilikuwa nalisoma lile neno kwa laam nyepesi, limepita haraka kana kwamba shadda haikuandikwa. Nanyi mliosoma fiqhi ya Imamu Shafi mnajua uzito wake: Alfatiha ni nguzo ya swala, ina shadda kumi na nne pamoja na Bismillah, na mwenye kuangusha shadda ameangusha herufi.

Unadhani nilishukuru? Nilitoka kwenye kundi usiku uleule. Nafsi ikaniambia: mwanamke, mdogo, tena mbele ya watu. Nikasahau kwamba Karima al-Marwaziyya alisomesha Sahihi ya Bukhari pale Makka katika karne ya 5 ya Hijria, na al-Khatib al-Baghdadi, na ukubwa wake wote, alikaa akasoma kwake. Habari hiyo nilikuwa naijua. Nilikuwa hata naihadithia mimbarini.

Wiki tatu nikakaa kimya. Kisha ikaingia Ramadhani, misikiti ilikuwa wazi, nikaandaa darsa ya baada ya tarawehe kuhusu Jibril (a.s.) alivyokuwa akimjia Mtume (s.a.w.) kila Ramadhani wakidurusu Qur'ani pamoja, na mwaka wa mwisho wa uhai wake akamjia kwa hilo mara mbili. Nimeandika hadi hapo, kalamu ikasimama. Mtume mwenyewe, aliyeteremshiwa, alikuwa na wa kudurusu naye. Mimi wa Ntobeye sina, na nimempata nimemkimbia.

Nikamwandikia yule ndugu wa Kigoma anirudishe. Nikaomba radhi kundini. Ustadha akajibu kwa neno moja, "Karibu", kisha kaka yake, ambaye naye ni mwalimu, akanitumia lile neno kwa sauti, polepole, mara kumi.

Sasa lililo gumu. Madrasa ilipofunguliwa mwisho wa Juni niliwakalisha watoto nikawaambia: nilichowafundisha hapa nilikosea, tunarudia Alfatiha. Wakanitazama. Binti mmoja wa miaka tisa akanyoosha mkono. "Ustadh, na mama anasoma hivyohivyo. Na yeye ulimfundisha wewe."

Wallahi sikuwa nimelifikiria hilo. Nilitoka na daftari, nikaandika majina ya wote niliowasomesha tangu 2006. Nikapita nyumba kwa nyumba. Waliohamia Mwanza na Kahama nikawapigia simu. Wengine walicheka, wengine walinyamaza, kijana mmoja alikata simu na hajapokea hadi leo. Katika orodha ile yupo mzee wangu mmoja aliyejifunza kuswali akiwa na nywele nyeupe, hakukosa safu ya mbele hata siku moja. Tulimzika mwaka 2017. Niliosha mwili wake mimi.

Kuhusu swala zilizopita, nilipeleka suala langu kwa sheikh mmoja mtu mzima wa Tanga, naye akanijibu kulingana na hali yangu. Usichukue jibu langu ukalifanya lako. Muulize wako. Aliloniongezea nikalihifadhi ni kwamba udhuru wa aliye mbali na wanavyuoni upo, ila siku simu yako ilipoanza kufika kwao, umbali wako umepungua.

Baada ya hapo nilitoka kwenye makundi ishirini. Nilijiuliza swali moja tu kwa kila kundi: humu nikikosea, yupo wa kuniambia? Kwingi hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kusambaza tu. Mimi mwenyewe kwa miaka nilikuwa nasambaza ile kauli ya kutafuta elimu hata Uchina, naipa jina la hadithi, naifungulia darsa za elimu. Kumbe Ibn al-Jawzi aliiingiza katika kitabu chake cha hadithi za kutungwa, zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Watu mia mbili kwenye kundi wakaniandikia "jazakallah". Hakuna aliyeuliza nimeitoa wapi.

Wapo ndugu wanaosema elimu ya kwenye simu si elimu, lazima upige goti mbele ya sheikh. Nakubaliana nao zaidi ya nusu. Lakini mtazameni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Alipiga goti, alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt kule Unguja. Na pamoja na hayo alikuwa akisoma jarida la al-Manar lililochapwa Misri na kuja kwa meli, kisha mwaka 1930 akaanza kutoa Sahifa yake, na mwaka 1932 al-Islah, ili watu wa pwani nao wasome na kujibizana. Karatasi ya mbali haikuondoa goti lake. Kwetu sisi ambao wa kupigiwa goti yuko mwendo wa siku nzima, tuanze na kinachofika, kisha nauli ikipatikana tusafiri. Mimi nilikwenda Mwanza mwaka uliofuata, siku tisa, nikasoma Juzuu Amma yote mbele ya mtu, naye ameketi ananitazama mdomo.

Na msidhani mwalimu wa kijijini ni wa kupokea tu. Kihangaza chetu ni ndugu wa Kirundi, na ndimi za watoto wetu zinachanganya l na r bila kuona tatizo. Walimu wa pwani hawaujui ugonjwa huu. Ndugu wa Kigoma wanaujua, maana Kiha nacho kimo katika ukoo huo. Nikawaeleza kundini ninavyofanya: mtoto aweke ncha ya ulimi juu, laam ulimi unagusa na kukaa, raa unagusa na kuondoka. Mwache akae kwenye laam hadi achoke, ndipo umwonyeshe raa. Siku ile ustadha wa Pemba aliandika, "Hili sikuwa nalijua." Nilifurahi kupita kiasi, astaghfirullah.

Nasaha ndogo tu: sauti za watoto msizitume bila idhini ya wazazi wao. Na mazungumzo na walimu wa kike yabaki kundini, kwenye macho ya watu.

Juzi baada ya Isha mzee mmoja alibaki msikitini. Ni katika wale wa orodha yangu, alisoma kwangu mwaka 2009. Akaniambia, "Ustadh, na mimi nirekodi wanisikie." Meno aliyobaki nayo ni manne, na ile laam kwake ni vita. Tulirekodi mara sita. Ya sita akasema hiyo ndiyo, tuma. Jana jioni nikapanda kilimani nikaituma. Hadi naandika haya bado jibu halijaja, na yeye ameshapita hapa mlangoni mara mbili kuuliza.

Wabillahi tawfiiq.