Swali la Kumi

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa alfajiri, kilo 3.2, akilia kama aliyeonewa. Kadi ya kliniki ilimwandika vizuri: saa, uzito, chanjo ya BCG. Habari zangu zilikuwa fupi: amejifungua kawaida, ameshonwa. Kule leba nilifokewa nilipolia, nikafokewa tena niliponyamaza. Hayo nimeshasamehe.

Nyumbani Tanga nilipokewa kama mwali. Shangazi alinikanda kwa maji ya moto, tumbo likafungwa kanga, na uji wa pilipili manga ukawa hauishi kwenye chupa. Siku arobaini sikushika ufagio. Sitaki mtu anisikie nikiisema vibaya arobaini. Nawajua waliorudi jikoni siku ya tatu, mshono haujakauka. Lakini nyumba nzima ilikuwa na swali moja tu: "Maziwa yanatoka?" Yalikuwa yanatoka. Mimi ndiye sikuwepo.

Siku za mwanzo nililia, Mama akasema kila mzazi hulia. Ni kweli, hayo huwapata wengi wiki ya kwanza, yakapita. Yangu hayakupita. Mtoto akilala, mimi macho, nahesabu misumari ya bati mpaka adhana ya alfajiri. Nilimnyonyesha, nilimbadilisha nepi, yote kwa wakati, kama mtoto wa jirani niliyeachiwa nimwangalie. Wageni wakisema "Mashallah, mmefanana", nacheka nao. Shangazi alishuku jicho, akafukiza ubani na udi chumba kizima. Nilinukia vizuri, nikaendelea kulia.

Wiki ya sita nilimpeleka mtoto chanjo. Nesi alimdunga paja, akaninyooshea kadi, kisha akaishikilia kidogo.

"Na wewe, mama?"

"Sijambo."

"Sikukusalimia. Nimekuuliza."

Akanihamishia kwenye kiti kilichokuwa nyuma ya mzani, akatoa karatasi iliyochakaa kwa kurudufiwa. Maswali 10, kuhusu siku 7 zilizopita. Baadaye nilikuja kujua kwamba yalitungwa Uskochi na kuchapishwa mwaka 1987, na kila jibu lina alama 0 hadi 3. La kwanza lilihusu kucheka: bado naona la kuchekesha? Nilishangaa hospitali kujali jambo kama hilo. La kumi lilihusu kujidhuru. Aliuliza kwa sauti ile ile aliyoulizia kucheka, wala hakuinua macho, na nadhani ndiyo maana niliweza kujibu kweli. Nikamwambia kuna usiku nilikuwa nimeshaamua nani atamlea.

Hakunihubiria. Alinishika mkono mpaka alipofika mume wangu, akatueleza kwamba huu ni ugonjwa, una jina, sonona ya baada ya kujifungua, na unatibika. Siku hiyo hiyo tulimwona daktari. Alinipa dawa ambayo anayenyonyesha anaruhusiwa kutumia, na kila Jumanne nikawa nakwenda kuzungumza na mshauri. Mama alihamia chumbani kwangu. Usiku hakuniacha peke yangu. Mume wangu akajifunza kumcheulisha mtoto, vibaya sana mwanzoni. Siku ya kwanza niliyocheka ni alipotapikiwa shati la kazini, zikiwa zimepita wiki kadhaa za dawa. Mama alitoka mbio jikoni akidhani nimezidiwa.

Miaka minne baadaye nikapata wa pili. Safari hii niliwaambia mapema: wakunga, mume, hata shangazi, aliyesema atafukiza hata hivyo, haidhuru. Wiki ya sita nikarudi dirisha lile lile la chanjo. Nesi alikuwa mwingine, kijana, foleni ndefu. Alidunga, akaandika, akarudisha kadi.

"Dada, mimi hujaniuliza," nikamwambia.

Alifungua droo moja, akafungua ya pili, karatasi haikuwemo. Akavuta kiti.

"Haya. Unalala?"

"Akilala yeye," nikasema, "na mimi nalala."