Kutafuta Chumba Nyuma ya Mlima

Dalali wa Savei hakuulizi jina. Anauliza, "Bajeti?" Ukishamjibu, anapokea 10,000 yake ya kuonyesha vyumba, ambayo hairudi hata usipopenda ulichokiona, kisha anatangulia, simu sikioni. Nilikuwa nimemsindikiza mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekosa kitanda hosteli. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa 2017, zinachukua wanafunzi 3,840, na bado kila mwaka wako wanaobebana, kitanda kimoja vichwa viwili. Waliochoka kubebana huingia mtaani: Changanyikeni, Makongo, Msewe, na Sinza kwa wenye nazo.

Chumba cha kwanza kilikuwa masta, ndani ya fensi, marumaru sakafuni na jipsamu juu. Bei 120,000 kwa mwezi. Mpwa wangu alishaanza kupima kwa macho pa kuweka meza. Nikauliza LUKU.

"Ni moja kwa vyumba vinne, mwanangu," alisema mama mwenye nyumba. "Mnachangia kwa kichwa. Hapa hatuna ugomvi."

Mpangaji wa jirani alikuwa na friji na jiko la umeme. Mpwa wangu ana simu na pasi. Nilifungua bomba, likakoroma, likanyamaza. Uani kulikuwa na dada anafua kwa maji ya ndoo. Nikamuuliza maji yalitoka lini mara ya mwisho.

Akacheka. "Kaka, mama amekwambia lini?"

Tulipotoka, dalali alikuwa amenuna kidogo.

Akatupeleka Msewe, chini bondeni, chumba cha 80,000. Rangi ilikuwa mpya, bado inanukia, ila aliyepaka hakufika nyuma ya mlango. Pale ukuta ulikuwa na mstari wa tope, usawa wa goti. Dalali akasema mvua za mwaka ule zilikuwa za ajabu. Mwaka upi, hakutaja. Vuli ilikuwa bado haijaanza, na sisi hatukukaa kuisubiri.

Njiani tulipiga hesabu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita: 480,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja: 80,000. Hiyo ni 560,000 kabla hujanunua godoro, wakati Bodi ya Mikopo inatoa bumu kwa awamu. Siwalaumu sana wenye nyumba, maana likizo ndefu ikifika mwanafunzi hufunga begi akaenda kwao, na chumba kikabaki kitupu. Lakini wanaoumia ni watoto wa wakulima, ambao baba hana 560,000 za mkupuo kabla ya mavuno.

Cha tatu kilikuwa Changanyikeni, nyuma ya mlima ambao chuo kilihamia mwaka 1964. Hakina fensi. Sakafu ya saruji, choo cha nje wanachotumia wapangaji watatu. Mpwa wangu aliingia akatoka, uso umemshuka. Nikamwambia afungue bomba. Maji yakatoka kwa nguvu hadi yakamrukia viatu. LUKU ya chumba ilikuwa ukutani, peke yake. Mwenye nyumba, mzee mstaafu anayeishi humo humo, alitaka 70,000 kwa mwezi na akakubali miezi mitatu. Tulimwamkia tena shikamoo, safari hii kwa moyo zaidi. Kutoka hapo kuna njia ya miguu inayopanda kwenda madarasani, na jioni ile wanafunzi walikuwa wanashuka nayo makundi makundi, kwa hiyo si njia ya kuogopa.

Zilitoka 280,000: za mzee 210,000 na za dalali 70,000. Mkataba uliandikwa kwenye karatasi ya daftari, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaugonga mhuri. Ukiwa na mwanao anayekwenda Mlimani, mtafutie Agosti, vyumba vikiwa vitupu. Chuo kikishafunguliwa, dalali ndiye anayepanga bei.