Ukibofya "Nakubali", Umekubali kwa Niaba ya Chama Kizima

Leo tuongee kuhusu antivirusi ya bure. Ukiuliza popote, kuanzia Kalundu pale Kitui hadi stendi ya Wote, utapewa majina matano kwa dakika moja. "Weka hii, ni kali." "Hiyo inafanya mashine iwe nzito, weka hii ingine." Kila fundi na timu yake, ni kama mnaongea mpira.

Mimi naona swali lenyewe ndilo limekaa vibaya. Kila mtu anauliza ipi ni kali. Hakuna anayeuliza hiyo programu itaona nini ikishaingia ndani, na vitu itakavyoona ni vya nani.

Chukua kompyuta ya kwetu Makueni. Tunaiita ya nyumbani kwa sababu tu iko sebuleni, kando ya TV, imefunikwa kitambaa. Kazi yake ni ya kijiji. Mama ni mweka hazina wa chama, kwa hivyo michango na mikopo ya akina mama wote iko humo kwa Excel: nani amelipa, nani ana deni, nani alikopa akasema ni ya karo. Kila Juni kabla ya tarehe 30, majirani wanakuja dada yangu awajazie ritani za KRA. Wengine wanakuja na fomu za HELB. Kila mmoja anaacha kitu: PIN, nakala ya kitambulisho, namba ya simu.

Sasa fikiria ni wewe umerudi home likizo, ukapakua antivirusi ya bure, ukapata ukurasa mrefu wa masharti, ukabofya "Nakubali" bila kusoma. Umekubali kwa niaba ya nani? Si yako peke yako. Umekubali kwa niaba ya shosho mwenye hajawahi kushika hiyo mashine.

Na hii si hadithi ya kutishana. Avast, kampuni ya Prague iliyokuwa kwa kompyuta za watu wengi sana duniani, ilikuwa na kampuni tanzu iliyoitwa Jumpshot. Januari 2020 waandishi wa habari walianika kwamba historia ya kuvinjari ya watumiaji ilikuwa ikikusanywa na kuuzwa kupitia hiyo Jumpshot. Ikafungwa mwezi huo huo. Februari 2024, tume ya Marekani inayolinda wateja, FTC, ikatangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5, na imepigwa marufuku kuuza data ya kuvinjari kwa ajili ya matangazo. Soma tena polepole: watu waliweka ile programu ndiyo wasifuatiliwe mtandaoni.

Ndiyo maana wazee walisema rahisi ni ghali. Askari ukimlipa unajua mshahara wake unatoka wapi. Askari wa bure lazima umuulize anakula nini.

Na ile mijadala yenu ya "AVG ni kali kuliko Avast", mnajua Avast ilinunua AVG mwaka wa 2016? Halafu 2022 Avast yenyewe ikaungana na wenye Norton, wakawa Gen Digital, na hao pia ndio wenye Avira. Majina manne, boma moja. Mnapigana wenyewe kwa wenyewe na pesa inaingia mfuko mmoja.

Basi tuweke nini? Kwa nyumba nyingi, jibu langu ni: usiweke kitu. Kama mashine yako ni Windows 10 au 11, mlinzi tayari yuko ndani, anaitwa Microsoft Defender. Haombi akaunti mpya, hakurushii matangazo ya "lipa sasa" kila ukiwasha mashine. Miaka kumi hivi iliyopita watu waliidharau, na walikuwa na sababu. Lakini siku hizi maabara huru zinazopima antivirusi, kama AV-TEST ya Ujerumani, zimekuwa zikiipa alama za juu, sawa na zile za kulipia.

Microsoft si malaika, sijasema hivyo. Defender pia inaweza kutuma faili inalolishuku kwao likachunguzwe. Ila tayari unatumia Windows yao. Humwongezi mgeni mwingine mezani, na hiyo ya kutuma mafaili unaweza kuizima kwenye mipangilio.

Najua wengine mtasema, "Defender ilikula mafaili yangu." Hii nataka tuimalize leo, kwa sababu ndiyo inafanya watu wengi waizime. Unajua ile virusi ya flashi, yenye folda zako zote zinageuka kuwa vile vialama vidogo vyenye mshale? Virusi hiyo haifuti kazi yako. Inaificha, halafu inaweka njia za mkato feki zenye majina yale yale. Ukibofya, virusi inaamka. Sasa Defender ikifuta zile feki, flashi inaonekana tupu. Mtu anapiga nduru.

Niliona hiyo kitu na macho yangu. Msichana wa jirani alikuja kwetu na ripoti yake ya atachimenti kwa flashi, imetoka kuchapishwa saiba. Tukaiingiza, Defender ikafagia, flashi ikabaki nyeupe. Machozi. Saiba moja ilikuwa imeshamwambia flashi imekufa, waiformati, wiki tatu za kazi ziende hivyo. Tukaweka mipangilio ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, tukapiga amri ya attrib, ripoti ikarudi yote. Kwa hivyo flashi ikionekana tupu ghafla, usikubali kuiformati kabla hujaangalia kama vitu vimefichwa.

Kwa habari ya flashi, kuna Smadav, ile ya Indonesia. Nimeiona kwenye saiba za Kitui na za Wote. Sina neno nayo, lakini wenyewe wanaiita ulinzi wa ziada, ya kukaa kando ya antivirusi kuu. Isiwe ndiyo pekee uliyo nayo. Malwarebytes ya bure nayo, siku za majaribio zikiisha, inabaki ya kupekua tu ukiiambia. Ni kama kumwita daktari, si kuwa na mlinzi. Lakini usiweke antivirusi mbili kubwa za kulinda kwa wakati mmoja. Fahali wawili hawakai zizi moja: zitavutana, mashine ya RAM ya 4GB itakufa hapo katikati. Ukitoa ile nyingine kabisa, Defender kwa kawaida inajiwasha yenyewe.

Haya, twende kwa ile kitu watu hawapendi kusikia. Kraki.

Mashine nyingi tunazonunua ni ex-UK, fundi anakuwekea Windows na Office ya kraki kwa bei ya soda mbili. Hujiulizi amefanyaje. Nyingi za hizo programu za kuvunja leseni, Defender inazikamata, kwa hivyo jambo la kwanza fundi anafanya ni kuizima. Dada yangu alipoenda SEKU, kule Kwa Vonza, tulinunua laptopu kwa fundi mmoja tu wa mtaani. Nilipoifungua nikaenda kwa ile orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isiviguse. Nikapata folda nzima imesamehewa. Ni sawa na kuajiri askari halafu umwambie, "Ulinde boma lote, lakini ile nyumba ya nyuma usiingie, hata ukisikia kelele." Kwa hivyo angalia hiyo orodha leo. Kwa mashine ya nyumbani, orodha hiyo kwa kawaida inafaa iwe tupu.

Na kabla hujaamini kwamba bila kraki huwezi, jua kwamba mashine nyingi za HP, Dell na Lenovo zilizotoka kiwandani na Windows 10 zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao wenyewe. Ukiweka toleo lile lile safi kutoka kwa Microsoft, inajitambua ikipata intaneti. Kwa Office, LibreOffice ni ya bure kweli kweli, na rekodi za chama inazifungua.

Halafu kuna bando. Tuseme ukweli, huku kwetu watu wanazima apdeti kwa sababu bando la mtu limewahi kuliwa lote usiku mmoja. Naelewa. Lakini mnakumbuka WannaCry, Mei 2017, ile virusi iliyofunga mafaili duniani kote ikadai pesa ndiyo ifungue? Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha ule ufa tangu Machi. Miezi miwili kabla! Waliokuwa wamekiweka, ufa ule ulikuwa umezibwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta una bei kuliko bando.

Kuna njia ya katikati. Iambie Windows kwamba intaneti yako ni ya kupima, itaacha kupakua vitu vikubwa bila ruhusa. Kisha mara moja kwa wiki tembelea mahali pa WiFi. Na kama kompyuta ya nyumbani haibebeki, faili la apdeti za Defender linapatikana kwa tovuti ya Microsoft. Ni zaidi ya MB 100. Lipakue kwingine, liweke kwa flashi safi, nenda ulibofye nyumbani.

Wenye Windows 10 pia mjue apdeti za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imeongeza mwaka mmoja wa apdeti za usalama, hadi Oktoba 2026, na kuna njia ya kujiandikisha bila kulipa ukiwa na akaunti yao. Baada ya hapo, mashine isiyoweza Windows 11 ifikirie Linux Mint. Ni ya bure, na hata zile mashine za zamani inazibeba.

Mwisho, bakapu. Hakuna antivirusi, ya bure wala ya pesa, inayozuia kila kitu. Nunua flashi moja ambayo kazi yake ni rekodi peke yake. Jumamosi baada ya mkutano, Mama anaingiza, ananakili, anachomoa, anaweka kwa kabati pamoja na hati ya shamba. Haiendi saiba, haikopeshwi mtu wa sinema. Virusi haiwezi kufunga kitu ambacho hakijachomekwa.

Mtu akikuambia "mimi sina kitu cha kuibiwa", muulize ni vitambulisho vya watu wangapi viko kwa folda yake. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, lakini hata bila sheria, hawa ni watu wanakujua. Mweka hazina hachaguliwi kwa sababu anajua Excel. Anachaguliwa kwa sababu kitabu kikiwa kwake, watu wanalala. Sasa kitabu kimeingia ndani ya kompyuta, na mara nyingi aliyeachiwa hiyo kompyuta ni wewe kijana wa nyumba. Kabla ya kupakua kitu chochote, jiulize: nikiwa mbele ya chama chote, naweza kusimama niwaeleze nimemruhusu nani aangalie kitabu chao, na kwa nini? Kama huwezi, usibofye.