Kaburi la Farao na Kaburi la Nduna



Nyumbani kwetu hapa Majengo, Songea, tuna desturi ya kusoma Maandiko jioni baada ya chakula, na watoto husoma kwa zamu. Juma lililopita tulifika mwisho wa kitabu cha Mwanzo, penye habari ya Yusufu, jinsi alivyowaapisha ndugu zake kwamba wataichukua mifupa yake kutoka Misri. Binti yangu, aliye katika darasa la sita, akafunga kitabu, akauliza, "Baba, na hao mafarao wenyewe walizikwa wapi?"

Mimi ni mwalimu, na swali la namna hiyo hunipendeza kupita kiasi. Nikamweleza habari za Farao Seti, baba yake Ramses wa pili, aliyekufa yapata miaka 3,300 iliyopita. Watu wake walimchongea kaburi ndani ya mwamba, katika bonde kavu magharibi ya mto Nile. Si shimo kama yetu. Ni ngazi na njia zishukazo, chumba baada ya chumba, zaidi ya mita 100 ndani ya jiwe, na kuta zimechorwa kwa rangi. Hata dari ya chumba cha mfalme imetiwa nyota. Humo wakaweka jeneza la marimari, jembamba hata ukitia taa ndani yake mwanga hupenya. Kisha wakaziba mlango, ili asiguswe milele.

Basi, aliguswa. Wezi waliingia zamani zile zile, hata makuhani wakamtoa, na mwisho wakamficha pamoja na wafalme wengine katika shimo la jabali jingine. Mwaka 1817 Mwitalia aitwaye Giovanni Belzoni alilifumbua kaburi, akakuta jeneza tupu. Jeneza lile likapelekwa London. Mwaka 1824 John Soane akalinunua kwa pauni 2,000, na hata leo limo katika nyumba yake. Wataalamu wengine wakakata vipande vya kuta, kimoja kiko Paris, kingine Florence. Maiti mwenyewe alifikishwa Kairo mwaka 1881, na mwaka 2021 alipitishwa barabarani kwa heshima, yeye na wafalme na malkia wenziwe, wote 22, kwenda makumbusho mapya.

"Kumbe ametawanyika!" akasema binti yangu. Nikacheka. Naye akafikiri kidogo, akauliza, "Na kichwa cha Nduna Songea, je, kiko wapi?"

Sikucheka tena.

Jumamosi tukaenda pamoja kwenye Makumbusho ya Maji Maji, kwa miguu. Watu wa Songea hupita pale kila siku wakienda sokoni, nasi twapazoea mno. Katika kaburi moja refu wamelazwa watu zaidi ya 60, walionyongwa na Wadachi mwaka 1906. Baadhi yao walibatizwa na padre kabla ya kufa. Karibu nao, peke yake, yuko Songea Mbano, nduna wa Wangoni, ambaye mji huu wachukua jina lake. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa akaomba msamaha mbele ya wazao wa Nduna. Alisema kichwa kitatafutwa, ila hakuahidi kwamba kitapatikana.

Nikasimama pale nikiwaza jambo la ajabu. Farao alifichwa ndani ya mwamba, akatawanywa katika nchi kadhaa, lakini kila kipande chake kina mahali, na waweza kwenda kukitazama. Nduna alilazwa katika udongo wa kwao, wala hakuna ajuaye kueleza kichwa chake kilipo.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu, mzaa baba. Babu alikwenda Tanga katika mashamba ya mkonge, kama walivyokwenda vijana wengi wa Ungoni, asirudi. Ikaja habari tu ya kwamba amekufa. Kila mtu aliyerudi kutoka pwani bibi alimwuliza swali moja: amezikwa upande gani? Hakuuliza alikufaje, wala hakuuliza juu ya mshahara wake. Nami siku moja, nilipokuwa kijana niliyejiona msomi, nikamwambia, "Bibi, aliyekufa amekufa, mahali ni mahali tu." Hakunijibu. Siku mbili alinipakulia chakula bila kusema neno, na mpaka anafariki sikumwomba radhi.

Haya nikamweleza binti yangu njiani, maana sikuwahi kuyasema kwa mtu. Akanyamaza mpaka tulipokaribia nyumbani, ndipo akaniuliza, "Tanga ni mbali sana, Baba?"

"Ni mbali, lakini mabasi yako."

Nimekwisha kumwandikia barua mwenzangu niliyesoma naye chuo cha ualimu, afundishaye karibu na mashamba yale, awaulize wazee wa huko mahali walipozikwa watu wa Songea. Na nauli ya watu wawili nimeanza kuiweka, kwa ajili ya likizo ya Desemba.